Kisanduku cha R

Mimi nikiona neno limeandikwa vibaya, chakula hakishuki. Nalisema mapema ili lisiwe siri. Pale Pasiansi ninakoishi kuna fundi aliyeandika ukutani TUNATENGENEZA LADIO NA FLIJI, na huu ni mwaka wa nne nazunguka njia ya nyuma, kwenye matope, ili nisipite mbele ya ukuta ule. Wenzangu kazini wananiita Mama Nshomile, yaani msomi, kwa kuwa mimi ni Mhaya wa Muleba, na wanasema Mhaya husahihisha hata barua ya mapenzi. Sikatai. Marehemu mume wangu Jovitus aliniandikia barua moja tu maishani, nikamrudishia ikiwa na duara tatu za wino mwekundu. Alicheka wiki nzima, halafu akanioa.

Ni mwaka wa sita sasa tangu afariki. Binti yetu yuko Arusha na watoto wake, hupiga simu Jumapili akiwa na haraka. Nyumbani hakuna mtu wa kukosea neno. Redio ikisema nasahihisha redio, na redio haijali.

Jina langu ni Kokulinda. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali moja hapa Mwanza, chumba cha kuotesha vimelea. Usaha wa kidonda ukiletwa, naupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, nauacha kwenye joto. Wakishaota, nawajaribu kwa vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kipande dawa yake. Dawa ikiwaweza, panabaki duara nyeupe kuzunguka karatasi, hapaoti kitu. Isipowaweza, wanaota mpaka juu ya karatasi yenyewe, bila haya. Hao ndio sugu. Nimezifungua sahani hizo kwa miaka ishirini na sita, na zamani duara zilikuwa nyingi na pana. Siku hizi nahesabu karatasi kumi naona duara mbili. Wakati mwingine moja.

Majibu ya sugu hayaishii kwetu. Tuna mtandao wa maabara kumi na moja zinazolizunguka ziwa, za Tanzania, Kenya na Uganda, na kazi yetu ni kuwafuatilia bakteria hawa wanavyohama nchi hadi nchi, maana wao hawaonyeshi pasipoti. Kila mgonjwa ni doa jekundu kwenye ramani. Majina hayaruhusiwi. Unaweka namba, umri, jinsia, na mahali sampuli ilipotoka mwilini. Kanuni ni mgonjwa mmoja, doa moja, hata akirudi mara ngapi. Kila baada ya wiki mbili, Jumanne saa nne asubuhi, tunakutana kwenye skrini na kuyatazama madoa.

Nisifiche kitu. Jumanne hizo ndizo siku ninazojipaka rangi ya mdomo. Watu wale kumi sijawahi kuwashika mkono, lakini wakinitaja, "Mwanza, mnasemaje?", nasikia raha kuliko inavyompasa mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Kikao kikiisha nyuso zinazimika moja moja, na mimi huwa wa mwisho kutoka.

Jumanne moja ya Septemba, Obedi wa maabara ya upande wa Kenya alitufungulia ukurasa ambao hakuna aliyeupenda. Sampuli tatu zilikuwa zimepelekwa maabara kubwa kusomwa vinasaba: yetu ya Februari, yao ya Mei, na moja ya Juni kutoka kisiwa kimoja cha Uganda. Zote tatu zilikuwa za bakteria yuleyule. Si ndugu wala binamu. Yuleyule. Na dawa iliyobaki kumweza ilikuwa moja, sindano ya amikasini.

"Wagonjwa watatu, nchi tatu, miezi minne," alisema Obedi. "Na wote wako kwenye biashara ya dagaa. Huyu mdudu anasafiri na dagaa, wenzangu."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mkuu wetu, Daktari Nathaniel, ambaye alikuwa ameketi pembeni yangu, akapendekeza timu ziende mialoni, wanakotia mitumbwi, zikawapime wanawake wote wanaoanika dagaa, kuanzia Sengerema mpaka mwisho wa ziwa. Uganda wakaunga mkono. Mimi nilikuwa natazama safu ya mwisho ya jedwali, ambayo kwa kawaida hakuna anayeitazama. Mwanamke, 34. Mwanamke, 31. Mwanamke, 36. Kidonda, unyayo wa kushoto. Unyayo wa kushoto. Unyayo wa kushoto.

Sasa bakteria ni mjanja, lakini sijawahi kusikia anachagua mguu.

Kikao kilipokwisha nilikwenda kwenye kabati la madaftari. Kompyuta tunazo, lakini daftari la karatasi nimekataa lisifutwe, na kwa hilo nimegombana na wakuu watatu. Nikafungua Februari. Namba yetu ilikuwa ya Modesta Rugendo, miaka 34, mfanyabiashara wa dagaa, mkazi wa Sengerema. Alikanyaga msumari wa mtumbwi, kidonda hakijapona kwa miezi mitatu. Fomu ya daktari ilikuwa imebanwa palepale. Kwenye fomu daktari aliandika Modesta Lugendo, na juu ya ile L palikuwa na mstari mwekundu, na juu ya mstari herufi R. Mwandiko ulikuwa wangu.

Sikushtuka. Nafanya hivyo kila siku. Msukuma akisema Lejina naandika Rejina, mtu akiniletea Malimu naandika Marimu, na mfumo unabaki safi. Chini ya jina niliona pia nilivyoandika mwezi ule: daktari aliyempima amehamishwa, simu ya mgonjwa haipatikani. Nilipiga mara moja. Halafu nikageuza ukurasa.

Nikampigia Obedi, kwa simu yangu mwenyewe.

"Madam," alisema, "unajua siwezi kukutajia jina la mgonjwa. Nitapoteza kazi."

"Usinitajie. Nitataja mimi. Kama siye, niambie nimekosea, kila mtu aendelee na siku yake."

Nikasikia feni ikizunguka upande wake.

"Modesta," nikasema.

Feni tu.

"Modesta Rugendo."

"Hapana," alijibu upesi. Halafu akasema polepole, kama mtu anayetembea juu ya kitu chenye kuvunjika, "Umekosea herufi moja, madam. Huku ni L."

Na unajua nilisema nini? Mwanamke mzima, na mgonjwa wa watu hajulikani alipo, nilisema, "Basi mmeandika vibaya huko."

"Aliandika mwenyewe," alisema Obedi. "Tulimpa kalamu. Sahihi yake ninayo hapa mbele yangu."

Akakata simu. Muleba nilisoma na akina Rugendo wawili. Kwetu jina ni hilo, kutoka neno la safari, na kwetu safari huanza na R. Lakini Wakerewe, watu wa visiwani ambao wengi wamehamia Sengerema, nao wana lugha yao, na ndani ya lugha yao safari huanza na L, na imeanza na L tangu kabla babu yangu hajazaliwa. Mtu yule hakuwa amekosea. Alisema jina la baba yake kama baba yake alivyolisema. Mimi nilidhani duniani kuna watu wanaokosea, na kuna watu wanaosema kama mama yangu.

Wagonjwa watatu walikuwa mtu mmoja; umri ndio kila karani alijikadiria wake. Aliondoka kwetu, akaenda Kenya na dagaa wake, akapimwa, akaondoka kabla majibu hayajatoka kwa sababu mitumbwi haimsubiri mtu, akaenda Uganda, akapimwa tena. Hapakuwa na mlipuko wowote. Palikuwa na mwanamke mmoja anayelizunguka ziwa zima kwa mguu mbovu, akitafuta mtu wa kumwambia anaumwa nini. Na aliyejua anaumwa nini, na dawa yake, tangu Februari, ni mimi.

Nilitoka nikaenda dirishani. Dirisha la majibu linasimamiwa na Kija, mama wa watoto wawili, mpole, ambaye nimemsahihisha mpaka akaacha kuniandikia vikaratasi. Nyuma yake kuna visanduku vya mbao, kila herufi na chake, na bahasha hupangwa kwa jina la ukoo. Nikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha R. Bahasha ilikuwepo, chini kabisa, imefungwa, ina vumbi la miezi saba.

"Mama, ya nani hiyo?" aliuliza Kija.

"Modesta Rugendo."

"Simjui." Akafikiri. "Namjua Modesta Lugendo, yule dada wa mguu. Si ndiye niliyekuwa nakuuliza ile siku ukanikatalia mlangoni, ukasema mko kwenye kikao?"

Sikukumbuka. Kija akavuta daftari lake. Kumbe analo, la kwake mwenyewe, ambamo huandika watu waliofuata majibu wasiyakute. Hakuna aliyemwagiza. Alifungua Machi akanionyesha kwa kidole. Tarehe tatu, Modesta Lugendo, hayapo. Tarehe kumi na mbili, Modesta Lugendo, hayapo. Kisha akafungua mbele sana. Tarehe ishirini na mbili Julai, Modesta Lugendo, hayapo, amekaa kwenye benchi mpaka saa nane.

"Nilitafuta L yote," alisema Kija. "Nikatafuta hata M, labda wameweka kwa jina la kwanza."

"Na R?"

"Mama, alisema L."

"Kija, hapa Mwanza watu wangapi wanasema L na ni R! Hukufikiria?"

"Mimi naandika mtu anavyosema," alisema, bila hasira, na akaendelea kumhudumia mzee aliyekuwa dirishani.

Tarehe ishirini na mbili Julai ilikuwa Jumanne. Nilirudi nikatazama kumbukumbu za kikao. Siku hiyo ndipo Uganda walipotuletea doa lao jipya, na tukalijadili kwa saa nzima: limetoka wapi, linaelekea wapi, tutalipataje. Kati ya kiti changu na benchi lile kuna ukuta wa ubao. Alikuwa ameketi upande wa pili wa ubao, amenyoosha mguu, akisubiri aitwe. Nami nilikuwa nimejipaka rangi ya mdomo, nasema, "Wenzetu, tunahitaji kujua mgonjwa huyu yuko wapi."

Nililia mle chumbani, nasema wazi. Nililia nikiwa nimesimama, nimeshika bahasha, na sahani za siku hiyo zikiningoja.

Nilimweleza Daktari Nathaniel kila kitu, na la herufi pia. Ni kijana kwangu, ana miaka arobaini, huniita dada Koku. Alisikiliza akitikisa kichwa, halafu uso ukamng'aa.

"Lakini dada Koku, hii ni habari njema! Madoa matatu yamekuwa moja. Hakuna maambukizi kati ya watu. Hebu niwaandikie wenzetu wasiandae zile timu."

Akawaandikia. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, watu wa nchi tatu wakituma vidole gumba na makofi. Hongera Mwanza. Kazi nzuri Mwanza. Maneno yale niliyoyasubiri kila Jumanne, siku hiyo yalinichoma.

"Na mgonjwa?" nikauliza.

"Tutaandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya. Wiki moja, wiki mbili, watamfuatilia."

"Kidonda cha tangu Novemba, daktari. Kwa sasa kimeshafika mfupani. Kikiingia kwenye damu, hizo wiki mbili ni za mazishi."

"Utaratibu ndio huo, dada."

Nikajaza fomu ya ruhusa ya siku moja. Pale pa sababu niliandika: mambo ya familia. Nathaniel alisoma, akanitazama, maana anajua sina familia ya kuniita katikati ya wiki. Akatia sahihi. Kisha, na hili nampa haki yake, alinyanyua simu akampigia daktari waliyesoma pamoja, aliyeko hospitali ya Sengerema, akamwomba aandae amikasini na kitanda, na atume gari mpaka mwaloni.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kivuko. Nilikaa peke yangu pembeni, bahasha ndani ya mkoba, mkoba nimeukumbatia. Mama mmoja aliyeketi karibu aliniuliza kama naenda msibani. Nikasema hapana. Akasema, "Samahani, nimeona sura." Ng'ambo nilichukua gari mpaka mjini, kisha pikipiki mpaka kwenye mwalo ulioandikwa kwenye fomu.

Mwenyekiti wa kitongoji, Nkwabi, alinipokea chini ya kibanda cha kupimia samaki.

"Kalibu mama, kalibu sana. Pole na safali."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikaufunga.

"Asante, mwenyekiti. Namtafuta Modesta Lugendo."

Ilikuwa mara ya kwanza nalitamka hivyo, na ilibidi niusogeze ulimi.

"Modesta?" Nkwabi aliangalia pembeni. "Yule hatoki. Alifika kutoka Mwanza mwezi wa saba, akajifungia chumba cha nyuma. Watu wakienda kumjulia hali anawafukuza. Mama yake ndiye anampelekea chakula. Sasa sisi tufanyeje? Tumemwacha."

Akanipeleka mpaka nyumbani kwao, akaishia uani. Nyumba ilikuwa ya matofali, paa la bati, na chumba kimoja cha nyuma chenye mlango wake. Mama yake, Bi. Evelina, alikuwa anageuza dagaa juani. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Hakuuliza mengi. Alinionyesha mlango kwa kidevu na kusema, "Usivuke majivu, mwanangu. Hapendi."

Kizingitini kulikuwa na mstari wa majivu, mpya, umechorwa asubuhi ileile. Nje ya mstari palikuwa na sahani moja na kikombe kimoja, vimeoshwa na kufunikwa.

Ndani, Modesta alikuwa ameketi kitandani, mguu ukiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa kanga safi. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyojiandaa. Harufu ya kile kidonda niliijua, ni harufu ninayoifungua kila asubuhi kazini.

"Shikamoo mama," alisema. "Simama hapohapo, tafadhali. Ongea nikusikie kutoka huko."

"Marahaba." Nikavuka majivu, nikaingia, nikaketi kitandani kwake. Alisogea mpaka ukutani.

"Mama, mimi naumwa ugonjwa usiotajwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa. Ndivyo nilivyojua." Aliongea kwa sauti ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea. "Nilifuata majibu Mwanza. Mara ya kwanza wakasema jina halimo, nikasema labda wamechelewa. Mara ya pili, nikasema wamesahau. Kenya wakanipima, nikaondoka. Uganda wakanipima, yule nesi akaanza kuvaa mipira ya mikono miwili miwili, na kitanda changu wakakisogeza mwisho wa ukumbi, hawakusema kwa nini. Nikarudi Mwanza mara ya tatu. Jina halimo. Hapo nikaelewa. Majibu mabaya hayakai dirishani, mama. Marehemu dada yangu majibu yake hayakuwa dirishani, walimwita chumbani wakafunga mlango. Sasa mimi hata chumbani sikuitwa. Nikasema basi hili langu limewashinda hata kulisema."

Nilimpa bahasha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kivukoni, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Majibu yako ni haya. Yalikuwepo siku zote. Ni bakteria, wamekuwa sugu kwa dawa karibu zote, lakini iko sindano moja inayowaweza. Daktari wa Sengerema anakusubiri leo. Gari linakuja."

Alifungua karatasi kwa makini, akasoma toka juu.

"Hii ni ya tarehe ishirini na nane Februari."

"Ndiyo."

"Modesta Rugendo." Alilitamka kwa R, polepole, kama jina la mgeni. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe. Niliandika mimi. Wewe ulisema L, daktari akaandika L, nikaibadilisha. Kwa hiyo bahasha yako ikawekwa kwenye R, na wewe ulipokuja wakakutafuta kwenye L."

"Uliibadilisha kwa nini?"

"Nilidhani umekosea."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo, hasira ningeijua pa kuiweka.

"Jina langu mwenyewe?" aliuliza.

Nikasema nisamehe, na neno likaonekana dogo sana mle chumbani. Nikainua ncha ya kanga nikatazama, nikamweleza la mguu bila kuficha: kwamba vidole viwili vimekwenda, kwamba huenda unyayo wote utakwenda, kwamba daktari ataamua, lakini akianza sindano leo uhai wake utabaki. Alikuwa anasikiliza huku anaikunja karatasi, anaikunjua. La mguu hakuliuliza tena.

"Na kumshika mtu," alisema. "Ningeweza kumshika mtu?"

"Mtu gani?"

Aligeuza macho mlangoni. Nikageuka. Nje ya majivu alikuwa amesimama mtoto wa kike wa miaka minne hivi, gauni la njano, vidole vya miguu vimepangwa sawasawa nyuma ya mstari. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Odeta wangu," alisema Modesta. "Tangu Julai sijamgusa. Alikuwa analia usiku, mama anambeba, mimi namsikia kupitia ukuta. Mwanzo alilia sana. Siku hizi halii."

Nilitaka kudanganya. Mungu ananiona, nilitaka kusema hapana, ulifanya vizuri, ulimwokoa mwanao. Angalau apate hicho. Lakini miaka ishirini na sita nimeandika majibu kama yalivyo.

"Ungeweza," nikasema. "Ungefunika kidonda, ukanawa mikono kwa sabuni. Basi. Ungemshika kila siku."

Alifunika kinywa kwa mkono. Akaomba maji. Bi. Evelina akaleta beseni na kipande cha sabuni, akasita kwenye majivu, nikampokea. Modesta alinawa mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akanawa tena, akasugua hata chini ya kucha. Hakusubiri kitambaa. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni.

"Odeta. Njoo, mama. Njoo kwangu."

Mtoto hakusogea. Alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, kisha akainama akaangalia mstari. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimegusa majivu. Akakirudisha nyuma, akakipanga na vingine.

"Mama, umekosea," alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake. "Mimi nakaa huku."

Modesta alibaki amenyoosha mikono, na maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye viwiko vyake nilipolisikia gari linaingia uani.